Injini Kubwa Katika Gari la Zamani: Imarisha Chasisi Kwanza

Kwa kawaida tunazungumza juu ya plau, mikokoteni, mashine za kukoboa na pampu za kunyunyizia dawa. Leo tutaingia chini ya gari. Usishangae. Gari linalobeba pamba kutoka mashamba ya Bunda, au mihogo kutoka Butiama kwenda sokoni Musoma, ni zana ya kilimo kama zana nyingine. Likikatika njiani, mazao yako hulala njiani, na pengine watu nao huumia.

Jambo lenyewe ni hili. Katika vijiji vyetu bado yapo magari ya zamani ambayo bodi yake ni nzima lakini injini imechoka. Mojawapo tunalolifahamu wote ni Land Rover 109, ile ndefu yenye pikapu nyuma. Basi mwenye gari, au kikundi cha wakulima, hupata injini ya mtumba iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Furaha inakuwa kubwa! Fundi anaambiwa aifunge upesi kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa mwezi Mei. Injini inafungwa, gari linanguruma, linapanda mlima bila kubadili gia. Kila mtu anapiga makofi. Halafu, baada ya safari kadhaa za mzigo, chuma kinachobeba gari zima kinapasuka.

Chuma hicho ndicho chasisi. Leo tutaeleza kwa nini hupasuka, na namna ya kuiimarisha kabla ya kufunga injini yenye nguvu zaidi. Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: kazi ya kuongeza nguvu huanzia chini, kwenye breki na chasisi, na injini huja mwisho.

Tujifunze kwa plau

Wewe unayelima kwa ng'ombe unaujua ukweli huu tayari. Plau uliyonunua imetengenezwa ivutwe na ng'ombe wawili au wanne wa kawaida. Tuseme leo unafunga ng'ombe sita wenye nguvu, na shamba lina visiki. Ng'ombe wanavuta, ncha ya plau inakamata kisiki. Kitu gani kitaachia? Huenda mnyororo ukakatika, au boriti ya plau ikapinda, au bolti ikang'oka. Ng'ombe hawakufanya kosa. Wao wamevuta tu. Kilichoshindwa ni kile kilichokuwa dhaifu kuliko vyote kati ya nira na udongo. Wahenga walisema kamba hukatika pabovu.

Gari ni vivyo hivyo. Injini ndiyo ng'ombe. Kutoka hapo nguvu hupita kwenye klachi, giaboksi, propela, difu na shafti za pembeni hadi tairi na ardhi. Vyote hivi vimefungwa kwenye chasisi. Kila kimoja kinaposukuma mbele, husukuma chasisi pia. Injini inapozungusha shafti kwenda upande mmoja, yenyewe hutaka kupinduka kwenda upande wa pili, na kinachoizuia ni vikalio vyake vilivyofungwa kwenye chasisi. Unaweza kuona kwa macho: fungua boneti, mwambie dereva akanyage mafuta ghafla, utaona injini inavyotikisika kwa kulalia upande mmoja.

Sasa tupige hesabu kidogo. Land Rover 109 ya miaka ya 1970 yenye injini ya dizeli ya lita 2.25 ina nguvu ya kusokota kama nyutoni-mita 140. Maana yake ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 14 kwenye ncha ya fimbo yenye urefu wa mita moja. Injini ya Toyota 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ambayo mafundi wengi huipenda, ina kama nyutoni-mita 285. Hiyo ni mara mbili.

Utasema, kilo 14 au 29 ni kitu gani? Ngoja. Ile Land Rover ikiwa katika gia ya kwanza na gia ndogo ya nguvu, giaboksi na difu huzidisha nguvu hiyo kama mara 40. Kwa hiyo kwenye ekseli, ile 140 inakuwa 5,600, na ile 285, kama umeacha giaboksi na difu za zamani, inakuwa 11,400. Kwa fimbo yetu ya mita moja, ni uzito wa zaidi ya kilo 1,100 unaosokota vyuma vilivyotengenezwa kubeba nusu yake. Nawe gia hiyo unaitumia lini? Unaitumia ukiwa umekwama katika udongo mweusi wa mbugani, umejaza mzigo, na tairi moja imeshikwa. Hapo ndipo kisiki cha plau kilipo.

Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hili. Mwaka 1979 kiwanda cha Land Rover kilipoamua kuweka injini ya V8 ya lita 3.5 katika gari la 109, kiliishusha nguvu hadi kufikia nguvu za farasi 91 tu, ingawa injini ya aina hiyo katika Range Rover ilitoa zaidi ya hapo. Tena hawakuiacha na giaboksi ya zamani. Walifunga ile ya Range Rover. Na Jeshi la Australia lilipochagua Land Rover zenye injini ya dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1987, magari hayo yalipewa chasisi iliyochovywa katika zinki ili isiliwe na kutu. Kama kiwanda kikubwa hakikuweka injini kubwa tu na kuondoka, kwa nini sisi tufanye hivyo chini ya mwembe?

Je, unahitaji injini kubwa kweli?

Kabla ya kutumia fedha ya pamba, jiulize swali hili. Gari lisilovuta mara nyingi halina haja ya injini nyingine. Angalia chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi hulijaza upesi, na injini inakosa pumzi. Angalia nozeli na pampu ya dizeli. Angalia kama klachi inateleza. Pandisha kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki zinakamata. Angalia upepo wa tairi. Mambo haya yakirekebishwa, mara nyingi nguvu hurudi.

Halafu angalia mzigo wenyewe. Pikapu kama hiyo ya 109 imekusudiwa kubeba kama tani moja, yaani magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Lakini gunia la lumbesa, lile lililojazwa likaongezewa kichwa cha kushonea kwa kamba, si la kilo mia. Ukipakia lumbesa kumi na mbili halafu watu watano juu yake, umepita mpaka kwa mbali. Injini kubwa haiongezi uwezo wa kubeba wa gari hata kilo moja. Inaongeza uwezo wa kuvuta tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani gari likivuta vizuri wanaona linaweza kubeba zaidi, wanaongeza mzigo, na chasisi inabeba adhabu mbili kwa wakati mmoja.

Safari mbili zilizo salama zina faida kuliko safari moja inayoishia korongoni.

Lala chini ya gari, ukague

Basi, tuseme umeamua injini ni lazima. Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Huenda mazungumzo kijijini yakawa hivi:

— Shikamoo mzee mwenyekiti.

— Marahaba, kijana wangu. Injini tumeipata. Unaifunga lini?

— Mzee, kabla ya kuifunga, naomba nilale chini ya gari kwanza.

— Kwani injini inakaa chini?

— Hapana mzee. Lakini kitakachoibeba kiko chini.

Fundi anayejibu hivyo, mshike. Anayesema "tutafunga tu, mengine tutaona", mwache aende zake.

Chasisi ni kama ngazi iliyolazwa. Miti miwili mirefu ya pembeni ni zile boriti kuu za chuma, na vipago ni vyuma vya kukingama vinavyoziunganisha. Kwenye malori mengi boriti hizo zina umbo la mfereji, yaani zimefunguka upande mmoja. Kwenye Land Rover ni kama sanduku refu lililofungwa pande zote nne. Sanduku husimama imara dhidi ya kusokotwa, lakini lina adui mmoja: tope na maji huingia ndani, hukaa, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Kwa nje unaona rangi nzuri. Kwa ndani chuma kimebaki kama karatasi.

Osha chasisi yote kwa maji na brashi ya waya, kisha iache ikauke. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti nzito, kama kugonga gunia. Penye mashaka sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo hapana chuma tena.

Angalia zaidi sehemu hizi: zinaposhikwa springi, mbele na nyuma, pale boksi la usukani lilipofungwa, vikalio vya injini na giaboksi, nyuma ya kabini ambapo pikapu huanza, mabawa yanayoshika bodi, na kile chuma cha kukingama cha nyuma kabisa. Ukiona mstari mwembamba mwekundu wa kutu kwenye rangi, usiupuuze. Mara nyingi huo ni ufa unaotoa vumbi la kutu kila chasisi inapojikunja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni chasisi nzima.

Kisha pima kama chasisi imenyooka. Huhitaji mashine ya mjini. Weka gari mahali tambarare penye sakafu, chukua timazi ya mwashi, ishushe kutoka kwenye tundu za bolti za springi, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na utie alama ya chaki sakafuni. Ondoa gari. Pima kwa futi kamba kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Vikipishana zaidi ya milimita tano au sita, chasisi imepinda. Usiiimarishe kabla haijanyooshwa, maana utakuwa umeufunga upotovu ndani yake.

Kama kutu imekula sehemu kubwa ya boriti kuu, jibu ni chasisi nyingine. Viraka juu ya viraka havibebi injini ya silinda sita.

Namna ya kuimarisha

Hapa, ndugu mkulima, tuelewe kwanza chuma kinavyofanya kazi. Chukua fimbo mbichi uikunje kwa mikono ncha zielekee juu. Upande wa juu unajikunyata, upande wa chini unavutika, na katikati pametulia. Fimbo ikipasuka, inaanzia upande unaovutika. Boriti ya chasisi ni hivyo hivyo. Juu na chini ndiko kwenye kazi nzito; katikati ya ubavu kumetulia.

Kutokana na hilo zinapatikana sheria nne.

Ya kwanza: usitoboe tundu juu wala chini ya boriti. Ukihitaji tundu la bolti, litoboe ubavuni, karibu na katikati ya kimo. Tobo la keekee ni bora; tobo la moto wa gesi huacha kingo zenye mikwaruzo ambako ufa huanzia.

Ya pili: usichomelee mstari unaokata boriti wima kutoka juu mpaka chini. Mstari huo ni kama kutia alama ya msumeno kwenye fimbo, itavunjikia hapo. Bamba la kuimarisha likatwe ncha zake kwa mshazari, kama ncha ya mkuki, ili nguvu iingie pole pole. Na kama unaweka mabamba pande zote mbili za ubavu, ncha zake zisiishie mahali pamoja. Moja liishie mbele, lingine nyuma kidogo.

Ya tatu: usiweke bamba nene kupita kiasi. Bati la chasisi ya Land Rover ya zamani lina unene wa kama milimita 2. Ukibandika bamba la milimita 6, pale bamba linapoishia patapasuka, kama kiraka kigumu kinavyochana shati lililochakaa. Milimita 2 mpaka 3 zinatosha. Nguvu ya boriti inatokana zaidi na kimo chake kuliko unene. Jaribu ubao wa daraja la mfereji: ukiulaza unapinda, ukiusimamisha kwa ubavu haupindi, na ubao ni ule ule. Ukizidisha kimo mara mbili, ugumu wa kupinda huzidi mara nane. Ukizidisha upana mara mbili, huzidi mara mbili tu.

Ya nne: usiondoe chuma cha kukingama bila kuweka kingine. Injini ya silinda sita ni ndefu, na fundi mwenye haraka hukata kipago kinachomzuia. Kwa kukata hivyo ameigeuza ngazi kuwa miti miwili isiyoshikana. Barabara zetu za vijijini ndizo zinazoadhibu kosa hili: tairi la mbele kulia linapozama shimoni na la nyuma kushoto likapanda tuta, chasisi husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Vyuma vya kukingama ndivyo vinavyozuia hilo. Kikikatwa kimoja, kitengenezwe kingine kinachopita chini ya sampu au mbele yake, chenye kimo kisichopungua cha kwanza.

Neno la tahadhari kwa wenye malori. Chasisi ya lori yenye umbo la mfereji imetengenezwa ijikunje kidogo kwa makusudi. Usiifunge yote iwe sanduku, kwani mahali pagumu panapokutana na palaini hupasuka. Tena boriti za malori mengine zimetiwa ugumu kwa moto kiwandani. Ukizichomelea, ugumu huo unapotea. Hizo huimarishwa kwa mabamba ya kufunga kwa bolti ngumu au ribiti, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kuchomelea kwenyewe

Ondoa waya wa betri, na fungua nyaya za oltaneta. Ondoa tangi la mafuta kabisa. Kulifunika kwa gunia lenye maji hakutoshi. Sogeza mabomba ya breki. Simamisha chasisi juu ya magogo imara, sehemu nyingi, ili isining'inie wakati wa kazi, maana chuma hupoa kikiwa na umbo kilicholala nalo.

Penye ufa, toboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee. Tanua ufa kwa gurenda uwe kama mfereji wa V, jaza kwa kuchomelea, saga uwe laini, ndipo uweke bamba. Kubandika bamba juu ya ufa bila kuuponya ni kufunika kidonda chenye usaha.

Tumia fimbo za kuchomelea za namba 7018, nazo ziwe kavu. Fimbo hizi hunyonya unyevu wa hewa, na zikichomwa zikiwa na unyevu, chuma hupata nyufa ambazo huzioni. Kwetu Musoma, kando ya ziwa, zihifadhi katika kopo lenye kifuniko na uzikaushe kwa joto kabla ya kazi. Chomelea vipande vifupi, huku na kule kwa zamu, ili joto lisivute chasisi upande mmoja. Ukitumia chuma kilichopakwa zinki, saga zinki kwanza, na ufanye kazi mahali penye hewa; moshi wake huleta homa.

Mwisho, paka rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani ya sanduku mwaga mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu kupitia tundu zilizopo. Hakikisha tundu za kutolea maji chini hazikuzibwa na bamba lako.

Vikalio vya injini

Injini mpya isikalie vyuma vilivyochomelewa kwa kubahatisha. Kila kikalio kiwe na bamba pana la kugawa uzito ubavuni mwa boriti, na pembe tatu za kukishikilia chini. Raba ziwe za injini hiyo, si za zamani. Weka injini na giaboksi zikiwa zimenyooka na pembe ya propela; propela ikipinda kupita kiasi, krosi zake huisha na gari hutetemeka, na mtetemeko huo huzaa nyufa upya.

Kumbuka pia uzito. Injini kubwa huelemeza mbele. Springi za mbele ziongezwe nguvu kwa kiasi chake, na shokapu ziwe nzima. Usukani ukiwa mzito ghafla, au gari likiinamia mbele, uzito haujapata pa kukaa. Rejeta nayo iwe ya kutosha injini hiyo.

Breki kabla ya mwendo

Gari lililokuwa linakwenda kilomita 40 kwa saa likiwa na mzigo, sasa litakwenda 80. Kazi ya breki haizidi mara mbili. Inazidi mara nne. Breki za ngoma za gari la zamani, zilizokuwa zinatosha kwa mwendo wa zamani, hupata moto na kulegea kwenye mteremko. Badili mabomba yaliyopasuka, mpira za silinda na bitana. Weka kisaidizi cha breki kama hakikuwapo. Na kama unaweza, tumia ekseli nzima pamoja na breki zake kutoka gari lililotengenezwa kwa injini ya nguvu hiyo. Kwa njia hiyo unapata difu na shafti zinazostahili pia.

Kama fedha haitoshi kwa injini na breki kwa pamoja, nunua breki. Injini isubiri msimu ujao.

Majaribio na sheria

Gari likiwa tayari, usiende moja kwa moja kupakia. Safari ya kwanza iwe bila mzigo, kwenye barabara ya lami. Ya pili nusu ya mzigo. Kila mara rudi, lala chini, kagua kila mahali palipochomelewa na ukaze bolti zote. Baada ya wiki mbili kagua tena. Baada ya hapo, kagua kila mwezi, na kila baada ya kukwama.

Upande wa sheria, kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chasisi. Ukibadili injini, toa taarifa Mamlaka ya Mapato, TRA, ukiwa na karatasi za ununuzi wa injini hiyo, ili kadi irekebishwe. Injini isiyo na karatasi huenda ni ya wizi, na namba zisizolingana zitakuletea maneno na askari, na pengine na bima siku ya ajali. Peleka gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi. Kwa ushauri wa ufundi, chuo cha VETA kipo Musoma. Usione haya kwenda kuuliza. Na watu wasipande juu ya mzigo. Pamba ni nyepesi lakini hujaa juu sana. Gari lenye injini ya nguvu na shehena ndefu hupinduka kwenye kona kabla dereva hajajua.

Kwa ufupi

Ndugu mkulima, ukisahau yote, kumbuka utaratibu huu: kagua, nyoosha, ponya nyufa, imarisha chasisi, tengeneza breki na springi, weka giaboksi na ekseli zinazostahili, halafu ndipo ufunge injini. Ukiugeuza utaratibu huu, kila safari utakuwa unafunga ng'ombe sita kwenye plau ya ng'ombe wawili.

Kama kikundi chenu kina gari la namna hiyo, liteni kikao kabla ya Mei. Msomeeni fundi maelezo haya, muulizeni maswali, na wajumbe wawili wawe wanalala naye chini ya gari kuona anachoonyesha. Mali ni yenu, na wanaopanda ndani yake ni watoto wenu.

Mpaka tutakapokutana tena, tukizungumzia mikokoteni na uwekaji wa beringi kwenye magurudumu yake, nakutakia kazi njema na mavuno mema.